Tuwaombee na wale waliokuwa ndani ya nyambizi?



Tumo katika mwezi wa Novemba, mwezi wa marehemu wote, na kwa paroko huu ni mwezi wa bahasha. Kila familia inaleta orodha yake: babu, bibi, shangazi, mtoto aliyefariki akiwa mchanga, na mwishoni ule mstari ambao karibu kila bahasha inao, "na marehemu wote wa ukoo wetu". Nakiri kwamba ninaposoma majina hayo madhabahuni huwa nakimbia kidogo, maana jua linapanda na waumini wa Misa ya pili wako nje wanasubiri.

Mwaka huu bahasha moja ilinisimamisha. Ililetwa na bibi mmoja anayetembelea mkongojo, wa jumuiya iliyo jirani na kanisa. Ndani mlikuwa na jina moja tu, la baba yake, na maneno haya: "pamoja na wenzake waliozama naye". Nikamwuliza walizama wapi. Akanijibu, "Baharini, Baba. Alikuwa keya. Walipandia meli Mombasa wakipelekwa Bama, hawakufika. Mimi nilikuwa bado mgongoni."

Vijana wanaosoma safu hii huenda hawajui keya ni nani. Ndivyo wazee wetu walivyowaita askari wa King's African Rifles, na kwa mazoea wakamwita hivyo karibu kila Mwafrika wa huku aliyevaa sare ya Mwingereza. Bama ni Burma, ambayo leo inaitwa Myanmar. Maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki walipelekwa huko kupigana na Wajapani katika Vita Kuu ya Pili.

Jumapili ile nikalisoma jina la baba yake taratibu, bila kukimbia. Kisha, bila kuwa nimepanga, nikaongeza: "na wote waliokufa baharini siku hiyo, wa pande zote mbili". Baada ya Misa mzee mmoja, katekista mstaafu, alinifuata sakristia. Hakuanza na salamu. "Padri, leo umewaombea waliouawa na wauaji wao kwa mkupuo mmoja?" Nilimpa jibu la haraka haraka kuhusu kuwapenda adui, na niliona usoni mwake kwamba lilikuwa jibu la mtu anayetaka kwenda kunywa chai. Haya ninayoandika leo ni jibu langu la pili, na ninaliandika hapa kwa sababu nadhani hayuko peke yake.

Kwanza tujue kilichotokea. Meli iliitwa Khedive Ismail. Iliondoka bandari ya Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944, ikiwa moja ya meli tano za msafara uliokuwa ukielekea Colombo, zikisindikizwa na manowari za Kiingereza. Ilikuwa imebeba watu zaidi ya 1,500. Karibu elfu moja kati yao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, Waafrika na maofisa wao Waingereza. Walikuwamo pia mabaharia, na wauguzi wa kike zaidi ya 50 waliokuwa wakienda kuhudumia majeruhi. Jumamosi ya tarehe 12, mchana, karibu na visiwa vya Maldives, wengi walikuwa ukumbini chini wakisikiliza muziki. Topido mbili za nyambizi ya Kijapani iliyoitwa I-27 ziliipiga meli hiyo ubavuni. Ilizama kabla dakika tatu hazijatimia. Dakika tatu hazitoshi kumaliza fumbo moja la Rozari. Watu 1,297 wakafa. Waliookolewa hawakufika 220, na kati yao wanawake walikuwa sita tu.

Nimepita Kilindini mara kadhaa, na tangu bibi yule aniletee bahasha yake jina lile linanisumbua. Kilindini ni penye kina kirefu. Sala ambayo Kanisa limeisali kwa karne nyingi juu ya majeneza ya wafu ni Zaburi ya 130, ambamo mtu anamlilia Bwana akiwa vilindini. Vijana wale walipandia meli penye jina hilo, na hawakupata jeneza wala padri wa kuwasalia zaburi hiyo. Ipo kumbukumbu katika makaburi ya vita kule Nairobi, barabara ya Ngong, kwa ajili ya askari wa Afrika Mashariki wasio na kaburi linalojulikana. Bibi hajafika huko. Kaburi la baba yake ni bahasha ile.

Sasa tushuke chini ya maji, maana ndiko alikonipeleka katekista wangu.

Nyambizi ya wakati ule haikuwa chombo cha kuishi chini ya bahari kama nyambizi za leo zinazoendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Ilikuwa meli inayojua kujificha. Juu ya maji ilikwenda kwa injini za dizeli. Chini ilikwenda kwa betri, polepole, na betri zikiisha haina budi kupanda juu, kwa kawaida usiku, ili izichaji na watu wapate hewa. I-27 ilikuwa kubwa kwa vipimo vya siku zile, ikiwa na watu karibu mia moja waliobanana kati ya mabomba, mitambo na topido. Hebu fikiria bahari ya ikweta, joto la injini, harufu ya mafuta na jasho, maji ya kunywa ya kupimiwa, wiki baada ya wiki. Wakiwindwa, injini huzimwa, hakuna kuongea, hakuna kugonga kitu, kwa sababu juu yao kuna mtu aliyevaa vifaa masikioni akisikiliza. Na wakipatikana hakuna mlango wa kutokea. Kwa upande wa Ujerumani, kati ya mabaharia wapatao 40,000 waliotumikia nyambizi katika vita ile, karibu 30,000 hawakurudi. Yaani watatu katika kila wanne. Sijui kazi nyingi za askari zilizokuwa na hesabu mbaya kuliko hiyo.

Lakini si taabu yao iliyonifanya niwaze zaidi. Ni macho yao. Katika nyambizi inayoshambulia, anayeiona meli ni mmoja, kamanda aliyeweka jicho kwenye periskopu, ile darubini ndefu ya kuchungulia juu ya maji. Mwingine anapokea namba na kuzipiga hesabu. Mwingine anafungua valvu. Mwingine anashika usukani wa kuzamia. Mwingine, nyuma kabisa, anaangalia tu kipimo cha mafuta. Hao wengine wote hawajui kama juu kuna meli ya makaa ya mawe au meli yenye wauguzi hamsini na kijana aliyeacha mtoto mgongoni mwa mkewe. Wanasikia amri, wanatenda, wanasubiri, kisha wanasikia kishindo. Huenda wakashangilia. Kila mmoja amefungua bomba lake tu. Ukimwuliza nani kaua, kila mmoja anaweza kukuonyesha mwenzake.

Ni lazima pia niseme jambo ambalo katekista wangu hatalipenda. Kwa sheria za vita, meli iliyobeba askari, ikisindikizwa na manowari, ilikuwa shabaha halali. Vijana wetu walikuwa wakienda Bama na mizinga, na mizinga haipelekwi kuwasalimu watu. Kwa hiyo neno "wauaji" tulitumie kwa uangalifu. Sisemi kwamba ile ilikuwa vita ya haki kwa Japani. Sikubali hata kidogo. Nasema tu kwamba baharia wa valvu hakuianzisha, kama ambavyo keya wetu hakuianzisha.

Na sasa inakuja sehemu ya habari hii ambayo sijapata kuisimulia kanisani. Baada ya Khedive Ismail kuzama, meli nyingine za msafara zilitawanyika kuokoa roho zao, na manowari mbili, Petard na Paladin, zikabaki. Majini palikuwa na watu wanaoelea, wameshika mbao na maboya, wakiziona manowari hizo na kuamini wamepona. Lakini nyambizi ilikuwa imejificha chini, upande uleule wa watu hao. Petard ikaamua. Ikaenda na kuangusha mapipa ya baruti yanayolipukia ndani ya maji, pale walipokuwa wakiogelea watu wake yenyewe. Baadhi ya walionusurika topido waliuawa na mlipuko wa waliokuja kuwaokoa. I-27 ikalazimika kupanda juu. Paladin ikaiendea kuigonga, ikachanika yenyewe. Petard ikairushia topido moja baada ya nyingine, zikikosa, mpaka ya saba ikaipasua. Karibu wote waliokuwa ndani wakaenda chini.

Tulipokuwa seminari kuu tulifundishwa kanuni ya tendo lenye matokeo mawili, ambayo mizizi yake iko kwa Mtakatifu Thomas wa Akwino anapojadili mtu anayejitetea. Tendo lenyewe lisiwe ovu. Nia iwe kwenye lile jema. Lile baya lisiwe ndiyo njia ya kulipata jema. Na pawe na sababu nzito. Mwalimu wetu alitupa mifano ya hospitali, mama mjamzito na daktari, nasi tukaandika kwenye madaftari na tukafaulu mitihani. Hakutupa mfano wa waogeleaji. Nikiipima Petard kwa kanuni ile, naona uamuzi wake unaweza kutetewa. Nyambizi ikiachwa itaondoka, na kesho itazamisha meli nyingine yenye watu elfu. Kamanda hakutaka kuua watu wake. Alitaka kuizima nyambizi. Sawa. Lakini kutetewa ni kitu kimoja, na kulala usingizi ni kitu kingine. Kama angekuja kwenye kiti changu cha kitubio nisingemwambia "hukutenda dhambi, nenda zako". Nisingethubutu pia kumwambia alitenda dhambi. Ningekaa naye.

Kanisa la zamani lilikuwa na hekima moja ambayo tumeiacha. Baada ya vita vya Hastings vya mwaka 1066, ambavyo Wanormani waliamini kwamba Papa mwenyewe alikuwa upande wao, maaskofu wa Normandia waliwawekea askari wao walioshinda malipizi. Anayejua ameua watu wangapi afanye malipizi ya mwaka mmoja kwa kila mtu. Na wale wapiga mishale, waliorusha kwa mbali na hawakujua wameua wangapi wala wamejeruhi wangapi, wafanye malipizi kwa Kwaresima tatu. Nilipoisoma amri hiyo mara ya kwanza nilicheka kidogo. Sicheki tena. Maaskofu wale waliona karne nyingi kabla ya nyambizi kwamba mtu anaweza kuua bila kuona, akiwa upande anaoamini ni wa haki, na bado roho yake ikahitaji kuoshwa. Umbali haukumfanya mpiga mishale kuwa msafi.

Kuna watakaoniambia: Padri, acha wapumzike, mtu aliyefungiwa katika chuma kile angefanya nini kingine? Vita ni vita. Msemo huo siupendi, na ninayo sababu kutoka bahari nyingine.

Tarehe 12 Septemba 1942, katika Atlantiki, ng'ambo ya pwani ya Afrika Magharibi, nyambizi ya Ujerumani U-156 iliizamisha meli ya Kiingereza iliyoitwa Laconia. Kamanda wake, Werner Hartenstein, alipanda juu na kusikia gizani watu wakilia kwa Kiitaliano. Meli ile ilikuwa imebeba mateka wa Kiitaliano wapatao 1,800, pamoja na askari wa Kiingereza na wa Kipolandi, na raia, wanawake na watoto. Waitaliano walikuwa washirika wa Ujerumani, na unaweza kusema ndiyo maana alishtuka. Lakini hakuchagua. Aliokota Waitaliano, akaokota Waingereza, wanawake, watoto, akawajaza ndani na juu ya sitaha, akazifunga mashua za kuokolea kwa kamba na kuzivuta. Akafanya jambo ambalo kwa baharia wa nyambizi ni wazimu: akatangaza redioni waziwazi, kwa Kiingereza, mahali alipo, akiahidi kutoishambulia meli yoyote itakayokuja kusaidia. Nyambizi nyingine zikaja kumsaidia.

Siku ya nne ndege ya Marekani ikatokea. Juu ya nyambizi palikuwa pametandazwa bendera ya Msalaba Mwekundu. Ndege ikaondoka, ikarudi, ikaangusha mabomu, na watu wa mashuani wakafa. Hartenstein akakata kamba, akawashusha watu majini, akazama. Meli za Ufaransa zilikuja baadaye kuokota waliobaki, na watu zaidi ya elfu moja walipona. Siku iliyofuata shambulio lile, mkuu wa nyambizi za Ujerumani, Karl Dönitz, alitoa amri ya kupiga marufuku kuwaokoa watu wa meli zilizozamishwa. Vita vilipoisha alishtakiwa Nuremberg na kufungwa miaka 10, lakini mahakama haikuipima adhabu hiyo kwa makosa ya vita vya nyambizi, kwa kuwa ilithibitika kwamba Uingereza na Marekani nazo zilizamisha meli bila onyo. Hakuna upande uliotoka majini na mikono mikavu.

Hartenstein na watu wake wote walizamishwa Machi 1943 karibu na Barbados. Simfanyi mtakatifu. Ndiye aliyeipiga Laconia. Ninachosema ni kwamba mtu yuleyule, ndani ya chuma kilekile, mwenye amri zilezile, alisikia sauti na akapanda juu. Iliwezekana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ukizungumzia matendo yanayokiuka sheria aliyoiandika Mungu katika mioyo ya watu, unatuambia kwamba utii wa kipofu hauwezi kuwa udhuru. Kwa hiyo sitamwombea baharia wa I-27 kwa sababu hakuwa na hiari. Namwombea kwa sababu alikuwa nayo, kwa kiasi ambacho Mungu peke yake anakijua. Asiye na hiari haitaji msamaha.

Haya yote nilikwenda kumweleza katekista wangu nyumbani kwake wiki iliyopita. Nilimsomea Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, ile tunayoitumia kila mwaka kueleza kwa nini tunawaombea marehemu. Tunasahau kwamba marehemu wale walikuwa askari, na kwamba walikutwa na hirizi za sanamu chini ya nguo zao. Walikufa na dhambi mwilini. Yuda Makabayo hakuwakana. Alichanga drakma 2,000 za fedha, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili yao.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akasema, "Padri, hao walikuwa askari wake."

Ni kweli, na sikuwa na jibu la kitabu. Nilimwambia tu kwamba tarehe 12 Februari nimeandika Misa ya asubuhi kwa ajili ya meli ile, na kwamba siwezi kuitenganisha bahari hiyo katika mafungu mawili, kwa sababu mifupa ya watu wa Khedive Ismail na ya watu wa I-27 iko katika maji yaleyale. Akaniuliza kama bibi ameafiki. Hilo nilikuwa sijalifanya, na aliniona nikitahayari.

Nikaenda kwa bibi. Alikuwa anachambua mchele barazani. Nilimweleza habari ya nyambizi kwa maneno mepesi, na watu mia waliokuwamo, na jinsi nao walivyokufa alasiri ileile. Alichambua ungo mzima kabla ya kunijibu.

"Waandike, Baba. Lakini jina la baba yangu litangulie."

Limetangulia. Misa itakuwa saa kumi na mbili na nusu. Katekista amesema atakuja, ila ataingia nia zikishasomwa. Nimemwambia benchi la nyuma litakuwa wazi.